Kabla ya Kuihukumu Betri

Ukurasa huu wa nyumbani umekwisha kutufunza mengi: namna ya kuukinga unga na wadudu, kubana matumizi ya makaa, kushona upya nguo ya mtoto aliyekua ghafla. Leo naomba nafasi nizungumze juu ya kitu ambacho wengi wetu tulio wanawake tumeachiwa tukitumie, lakini hatukuachiwa tukifahamu, nacho ni betri ya gari. Sisemi ya kwamba kila nyumba ina gari. Zilizo nalo ni chache. Lakini nyumba iliyo nalo, hata liwe kuukuu namna gani, hulitegemea kwa mambo mazito, na siku linapokataa kuwaka alfajiri, hasara yake huingia jikoni kabla haijafika gereji.

Kwetu sisi jambo zito lilikuwa matibabu ya mavyaa wangu. Alikuwa na maradhi ya figo, na mara mbili kila wiki ilitupasa kumfikisha hospitali hapa Bujumbura kabla ya saa moja asubuhi. Baba watoto kazi yake iko Gitega, hurudi mwisho wa wiki tu, basi usukani ulikuwa wangu. Mwaka 2024, mafuta yalipokuwa haba na magari yakalala siku nyingi katika misururu ya vituo, Toyota Corolla yetu nayo ililala humo pamoja na wenzake. Likawashwa, likasogezwa hatua kumi, likazimwa. Kesho yake vivyo hivyo. Baada ya majuma kadhaa ya mwendo huo stata ikaanza kuzunguka kwa uvivu, kama mtu anayeamshwa usingizini kwa nguvu. Muuza betri mmoja aliifungua boneti, akatazama, akasema papo hapo, "Betri imekufa." Hakupima chochote. Kijana wa gereji nyingine, naye bila kupima, akaapa kwamba altaneta ndiyo mbovu. Hukumu mbili, ankara mbili, na fedha za nyumbani zilikuwa hazitoshi hata ankara moja, maana dawa za mgonjwa zilikuwa zimekwisha kuzichukua.

Hapana budi kwanza tufahamiane juu ya vitu vitatu ambavyo watu huvichanganya. Betri ni ghala. Haiumbi umeme wa bure, bali huuweka ule iliopewa. Ndani yake mna vyumba sita, na katika kila chumba mabamba ya risasi yaliyozama katika maji yenye tindikali. Kila chumba hutoa volti mbili na kidogo, vyote sita pamoja volti 12 na ushei. Ubunifu huu ni wa Mfaransa Gaston Planté, wa mwaka 1859, na ingawa umetengenezwa vizuri zaidi tangu hapo, asili yake ni ile ile. Stata ni mlaji mkubwa wa ghala hilo. Kwa sekunde moja au mbili hula ampea mia moja au hata mia mbili kwa gari dogo, kiasi ambacho taa za gari haziwezi kukila kwa pamoja. Kabla ya mwaka 1912, Cadillac walipoanza kuuza magari yenye stata ya umeme iliyobuniwa na Charles Kettering, kazi hiyo ilifanywa na mkono wa mtu na hendeli ya chuma, na wapo waliovunjika mikono. Altaneta ndiyo shamba: injini ikishawaka, mkanda huizungusha, nayo huilisha gari na kurudisha ghalani kilichotumika. Gari lisipowaka, huenda ghala limeharibika, huenda mlaji ana kasoro, huenda shamba halizai. Na huenda, kama mtakavyoona, vyote vitatu ni vizima na ubaya uko njiani.

Aliyenifumbua macho ni fundi mmoja mzee wa Buyenzi, mtaa ambao gereji zake zinajulikana mji mzima. Yeye hakuniuzia kitu. Alinisikiliza, akatoa mita ndogo ya umeme yenye nyaya mbili, nyekundu na nyeusi, akaniambia, "Mama, betri haisemi uongo, lakini sharti uiulize ikiwa imepumzika." Jumamosi hiyo hiyo nilinunua mita yangu mwenyewe. Bei yake ilikuwa sehemu ndogo sana ya bei ya betri, na tangu hapo inakaa katika droo ya visu, wala sioni ajabu kwamba iko hapo.

Maana ya kupumzika ni hii. Gari likitoka safarini, betri huwa na umeme wa juujuu ambao huidanganya mita. Yaweza kuonyesha volti 13 ilhali tumbo lake ni tupu. Yafaa kupima asubuhi, kabla ya kuwasha chochote, gari likiwa limelala usiku kucha. Mita iwekwe kwenye volti za mkondo wa moja kwa moja, waya mwekundu uguse kichwa cha chanya, mweusi kichwa cha hasi, navyo viguse kichwa chenyewe cha risasi wala si kibano kilichokifunga. Ukiona 12.6 au zaidi, betri imejaa. 12.4 ni kama robo tatu. 12.2 ni nusu. 12.0 ni robo tu, na chini ya hapo ni njaa. Tazameni, ndugu wasomaji, jinsi tofauti ilivyo ndogo: kati ya shibe na njaa ni chini ya volti moja! Ndiyo sababu taa ya ndani au honi haiwezi kukupa jibu. Honi hulia vizuri hata kwa betri iliyobaki robo. Yetu siku ile ilisoma 12.2. Yaani ilikuwa nusu, haikuwa maiti.

Betri iliyo nusu haifai kupewa mtihani wa pili, kwa kuwa itaanguka tu, kama mwanafunzi aliyekuja bila kula. Sharti ijazwe kwanza. Fundi aliichukua, akaiweka kwenye chaja yake kwa mwendo wa polepole usiku mzima, na baada ya kupumzika ikasoma 12.6. Kama betri ni ya aina yenye vifuniko vinavyofunguka, kuna njia nyingine ya kuihoji, nayo mimi naipenda kuliko mita: kile kichupa cha kioo chenye mpira wa kuvuta na boya ndani, kinachopima uzito wa maji ya betri. Maji ya kawaida ni 1.000, maji ya betri iliyojaa ni kama 1.265, na katika nchi za joto viwanda vingine huyatia hafifu zaidi kwa makusudi, kama 1.240, ili mabamba yadumu. Basi usihangaike na tarakimu moja. Linganisha vyumba sita wao kwa wao. Vikiwa sawasawa, hata vikiwa vyote chini, betri inaomba chakula tu. Kimoja kikiwa nyuma ya wenzake kwa 0.050 au zaidi baada ya kuchajiwa, chumba hicho kimeoza, na hakuna chaja itakayokifufua. Mita ya volti huona betri kwa jumla. Kichupa huingia chumba kwa chumba. Betri zilizofungwa moja kwa moja hazikubali kipimo hiki, na hilo mimi naliona ni hasara kwa mnunuzi, ingawa wauzaji hulisifu.

Sasa twende kwenye mtihani wa stata, maana hapa ndipo siri yetu ilipopatikana. Asiye na mita aanze na macho yake. Usiku, washa taa kubwa zielekee ukutani, kisha mtu azungushe ufunguo huku wewe ukitazama mwanga. Taa zikizimika kabisa, betri ni dhaifu au kibano kimelegea. Taa zikibaki zinang'aa na stata ikinyamaza, umeme hauifikii stata: tafuta kwenye swichi, fyuzi au waya wake mwembamba. Taa zikififia sana na kukasikika kishindo kimoja tu, betri haina nguvu au stata imekwama. Mwenye mita ataona zaidi. Aishike kwenye vichwa vya betri wakati stata inazunguka. Betri nzima iliyojaa haishuki chini ya volti 9.6, na kwa gari dogo hukaa juu ya 10. Ikizama hadi 8 au 7 ilhali ilikuwa imejaa, hapo muuza betri anastahili kusikilizwa.

Yetu haikuzama. Ilisimama kwenye 10.9, na bado stata ilizunguka kwa uvivu ule ule. Kijana mmoja aliyekuwa kando akasema basi ni stata, ifunguliwe. Mzee akatikisa kichwa. Alisema kwamba stata iliyokwama au iliyochakaa vibaya hula kupita kiasi na kuivuta betri chini. Hii ilikuwa inakula kidogo kuliko inavyopaswa. Ni sawa na mtoto aliyedhoofika ilhali chungu kimejaa: tazama anayepakua. Akaweka waya mweusi wa mita kwenye kichwa cha hasi cha betri, na mwekundu kwenye chuma kitupu cha injini, akaniambia niwashe. Kati ya sehemu hizo mbili, zinazounganishwa na waya mnene, pasingepaswa kuonekana zaidi ya volti 0.2 au 0.3. Mita ikasoma 1.3. Umeme wote huo ulikuwa unapotea njiani, ukigeuka joto, kwenye waya wa hasi unaofungwa kwenye injini. Upande wa chanya alipima vivyo hivyo, kutoka kichwa cha betri hadi skrubu nene ya stata, ambako kikomo ni kama 0.5, huko palikuwa pazuri. Akafungua boliti ya waya wa hasi. Chini yake palikuwa na kutu na unga wa kijani, na nusu ya nyuzi za shaba zilikuwa zimeliwa.

Ukarabati ulichukua chini ya saa moja: waya mwingine, boliti iliyosuguliwa kwa msasa hadi ikang'aa, basi. Asubuhi ya Jumatatu gari liliwaka kwa mguso mmoja, na mavyaa wangu, aliyekuwa amekwisha kujitayarisha kwa kusukumwa na majirani kama ilivyokuwa wiki iliyotangulia, aliuliza kama tumenunua gari jipya.

Kwa kuwa tumefika kwenye vichwa vya betri, niseme neno juu ya usafi na hatari, maana hii nayo ni kazi ya nyumbani. Ule unga mweupe au wa kijani unaoota kwenye vichwa ni chumvi za tindikali. Huzuia umeme kupita. Soda ya kuokea iliyokorogwa katika maji ya uvuguvugu huiua tindikali hiyo huku ikitoa povu. Msiiruhusu tu iingie ndani ya vyumba. Kisha suuza, kausha, kaza, na upake mafuta mazito ya mgando. Kitenge mtakachovaa kiwe cha kazi. Tone la maji ya betri halionekani leo, lakini baada ya kufua mtakuta tundu. Yakiruka machoni, oshea maji mengi kwa muda mrefu na mwende kwa daktari bila kuchelewa. Vueni pete na bangili, kwani chuma kikigusa vichwa viwili kwa pamoja hupata moto wa kuunguza nyama. Waya wa hasi uwe wa kwanza kufunguliwa na wa mwisho kufungwa. Na betri inapochajiwa hutoa hewa ya hidrojeni, ambayo hulipuka kwa cheche: kwa hiyo isiwe karibu na jiko la makaa, wala mtu asiinamie boneti na sigara mdomoni. Maji ndani ya vyumba yakipungua, ongezeni yale safi yaliyotengenezwa kwa ajili ya betri, hadi yafunike mabamba. Ya bomba yana chumvi zake. Tindikali msiongeze kamwe, kwa kuwa kilichopungua ni maji, si tindikali.

Bado altaneta aliyoihukumu yule kijana wa pili. Kuna desturi moja gerejini ambayo sharti niilalamikie hapa. Injini ikiwa inawaka, fundi hufungua kibano cha betri; gari lisipozimika hutangaza kwamba altaneta ni nzima. Desturi hiyo ni mabaki ya enzi za dainamo na magari yasiyo na vifaa vya elektroniki. Altaneta ikinyang'anywa betri ghafla, volti zake huruka juu mno, na zaweza kuunguza diodi zake zenyewe na lile sanduku la akili linaloongoza injini. Mtu aliyekuja na gari zima huondoka na gari bovu, naye hushukuru. Mkimwona fundi ananyoosha mkono, mzuieni kwa adabu, lakini mzuieni.

Kipimo cha haki ni rahisi kuliko kupika uji. Injini iwake, iongezwe mwendo kidogo, mita iwe kwenye vichwa vya betri. Altaneta nzima huonyesha kati ya 13.8 na 14.7. Kisha washa taa kubwa na feni ya upepo. Ishuke kidogo, lakini isishuke chini ya 13 na nusu au karibu na hapo. Ikibaki 12 na kitu, sawasawa na ilivyokuwa kabla ya kuwasha, shamba halizai. Hata hivyo tazama kwanza mkanda kama umelegea au unateleza, kisha fyuzi na nyaya, ndipo useme habari za kufungua altaneta, na hata ikifunguliwa, mara nyingi ni brashi tu zilizokwisha. Ikipita 15, kidhibiti chake kimeharibika na betri inachemshwa; maji yatakauka upesi, mtasikia harufu ya yai viza. Yetu ilisoma 14.2. Yule kijana aliyeapa nilimwonyesha, akacheka, akaniazima mita yangu kwa siku mbili.

Wako watu ambao kila kitu chao ni kizima na bado wakiliacha gari juma moja hulikuta limekufa. Hao wana mwizi. Saa ya gari, king'ora na kumbukumbu za redio hunyonya kidogo, na huo ni wizi halali, kwa kawaida chini ya ampea 0.05. Lakini hesabuni: ampea 0.05 kwa saa 24 kwa siku 21 ni ampea-saa 25, yaani zaidi ya nusu ya betri ya ampea-saa 45. Ndiyo maana magari yaliyolala misururuni mwaka ule yalidhoofika hata pasipo kosa la mtu. Taa ya buti isiyozimika ni mbaya zaidi. Ili kumkamata mwizi, mita hugeuzwa kwenye ampea na kuungwa katikati ya kichwa cha hasi na waya wake, kila kitu kikiwa kimezimwa. Kisha fyuzi hung'olewa moja moja mpaka tarakimu ishuke. Mita ikiwa hapo mtu asiguse ufunguo wa stata, la sivyo ataiunguza. Na gari litakalolala zaidi ya wiki mbili, heri kuufungua waya wa hasi. Betri inayoachwa na njaa muda mrefu, mabamba yake huota chumvi ngumu zisizokubali tena kuyeyuka.

Baba watoto huamini kwamba adui wa betri ni baridi ya Bugarama, kwa sababu alipata kulala huko juu, zaidi ya mita 2,000, na asubuhi gari likamkatalia. Mimi husema aliyeiua ni joto letu la huku chini ziwani. Joto huharakisha kuliwa kwa mabamba na kukauka kwa maji, mwezi baada ya mwezi, bila kelele. Baridi hupunguza tu nguvu za asubuhi hiyo, ikaonekana aibu iliyokuwa imefichika. Tumebishana hivyo mara nyingi hadi mavyaa alipotuomba tubishane nje.

Betri ile ilituhudumia miezi minane tena, na kila wiki ya matibabu haikukosa hata alfajiri moja. Kisha ikaanza kulegea upya. Nikaichaji, nikaipumzisha, nikachukua kichupa: vyumba vitano vilisoma 1.240, cha tatu kutoka chanya 1.150. Siku hiyo sikuhitaji mtu wa kunishawishi. Nilikwenda dukani na fedha mkononi na mita mfukoni. Betri ya kwanza niliyoletewa, yenye vumbi mgongoni, ilisoma 12.1, ilikuwa imekaa rafuni hadi imekonda. Muuzaji alisema zote ni mpya. Nikamwomba ya pili, nikampa mita aishike mwenyewe. Alipoona 12.1 tena akaingia stoo bila kusema neno, akarudi na nyingine iliyokuwa bado katika boksi lake. 12.6. Hiyo ndiyo niliyolipia.